Kuezua na Kupaua Upya: Jinsi ya Kusoma Makadirio ya Fundi Kabla Hujatoa Hela

Ukiita mafundi watatu waje kutazama paa linalovuja, utaachiwa karatasi tatu zenye jumla ambazo hata hazikaribiani. Wengi hapo hutazama mstari wa chini tu: aliye ghali wanamwacha, aliye rahisi wanamtilia shaka, wanamchukua wa katikati. Huko ni kubahatisha. Jumla hizo hazilinganishiki mpaka uwe na hakika kwamba wote watatu wamekadiria kazi ile ile, yaani bati la unene ule ule, mbao za aina ile ile na eneo lile lile. Mara nyingi sivyo, na si lazima iwe kwa nia mbaya. Mwenye nyumba hakusema anataka nini hasa, basi kila fundi akajipangia kichwani mwake.

Nimemwandikia mwenye nyumba ya kawaida ya tofali, mjini Dar es Salaam au mji mwingine wowote wa Tanzania, ambaye bati lake la zamani limekula kutu na anataka kuezua lote na kupaua upya. Wa Mombasa au Bujumbura naye atafaidika, ila majina ya ofisi kwake yatabadilika.

Pima mwenyewe kabla hujaita mtu

Hii ndiyo hatua inayookoa pesa nyingi kuliko zote, na inataka futi kamba, karatasi na mtu wa kukushikia ncha ya pili.

Chukua mfano wa nyumba yenye urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, paa lake la mgongo mmoja, yaani linateremka pande mbili tu, na bati limetokeza sentimita 60 nje ya ukuta kila upande. Ukilitazama paa kutoka juu, lina mita 13.2 kwa 11.2, karibu mita za mraba 148. Lakini paa limeinama, kwa hiyo bati linalohitajika ni zaidi ya hapo. Panda darini upime kenchi ya katikati, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, imeinuka kiasi gani juu ya ukuta. Kwenye nyumba hii, ikiwa imeinuka mita 1.82, mwinuko ni nyuzi 20 na eneo halisi la paa ni karibu mita za mraba 157. Mwinuko ukiwa nyuzi 30, eneo linafika karibu 171. Ukuta ni ule ule, lakini ukiamua paa jipya liinuke zaidi kwa ajili ya mwonekano, unanunua bati la mita 13 hadi 14 za mraba zaidi, na mbao juu yake.

Usikubali makadirio yanayotokana na idadi ya vyumba. Utasikia, "Nyumba ya vyumba vitatu kama hii bosi, bati hamsini zinatosha." Vyumba havina uhusiano wowote na bati. Sebule kubwa, baraza, karakana ya gari na urefu wa bati linalotokeza nje vyote vinabadilisha hesabu.

Andika kazi unayoitaka, wape wote karatasi hiyo hiyo

Ukurasa mmoja unatosha. Andika vipimo ulivyopata, aina ya bati na geji yake (unene), rangi, kama kenchi zinabaki au zinabadilishwa, kama unataka gata za kukinga maji ya mvua, kama dari libaki, na nani anachukua bati la zamani. Toa nakala, kila fundi apewe yake, na umwombe aandike bei kwa kufuata mpangilio huo: vifaa peke yake, ufundi peke yake, usafiri peke yake. Fundi akiwa na wazo bora kuliko lako, mwambie aliongeze chini kama pendekezo lenye bei yake, asilichanganye ndani.

Anayekataa kuandika mchanganuo na kung'ang'ania jumla moja ya "kupaua nyumba nzima" mshukuru kwa muda wake. Karatasi ya mstari mmoja haikupi kitu cha kuhoji leo wala cha kumdai kesho.

Bati: hapa ndipo pesa nyingi inapokwenda

Kwenye mstari wa bati tafuta mambo manne: geji, upako, upana unaofunika, na urefu wa kila bati.

Geji ni unene, na namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Geji 28 ni takriban milimita 0.4, geji 30 takriban 0.3, geji 32 takriban 0.25. Makadirio yakiandika "bati la msauzi, rangi nyekundu" bila geji, hayajasema kitu. Na hata yakiandika geji, viwanda havifanani sana katika namba hizo, kwa hiyo dai unene uandikwe kwa milimita, na uulize kama ni unene wa chuma chenyewe au umejumlisha na rangi.

Ukipokea mzigo unaweza kuhakikisha kwa mizani. Chukua uzi, uulaze juu ya bati kutoka ukingo hadi ukingo ukifuata mikunjo yote, kisha unyooshe na kuupima. Tuseme umepata mita 1. Bati la urefu wa mita 6 basi lina mita 6 za mraba za chuma, na chuma cha unene wa milimita 1 kina uzito wa karibu kilo 7.85 kwa mita ya mraba. Likiwa la milimita 0.3 litakuwa karibu kilo 14. Likiwa la 0.25, karibu kilo 12. Likiwa la 0.4, karibu 19. Pima mabati matano kwa pamoja ili kosa la mizani lipungue. Ukiwa umelipia geji 28 na mizani inasema kilo 12 kwa bati, rudisha mzigo kabla gari halijaondoka.

Upako ni ile ngozi inayozuia kutu. Bati la alumini na zinki huandikwa AZ na namba, kwa mfano AZ150, yaani gramu 150 za upako kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Namba ikipungua, upako ni mwembamba. Nyumba ya Dodoma au Tabora inaweza kuvumilia upako wa kati. Nyumba ya Kigamboni, Mbezi Beach, Tanga au Mtwara, iliyo karibu na bahari, haiwezi: upepo wa chumvi unakula bati kuanzia kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa. Aishiye huko ningemshauri apunguze mapambo mengine yote ya paa, lakini asipunguze upako. Bati la alumini tupu nalo liulizwe bei. Ni ghali, ila halishiki kutu kama ya chuma.

Sasa upana. Bati lina upana kamili na upana unaofunika, maana kila moja linalalia jirani yake. Chukua bati la upana kamili wa mita 0.84 linalofunika 0.76. Kwenye paa letu la mita 13.2, anayehesabu kwa upana kamili atapata mabati 16 kila upande, jumla 32. Anayehesabu kwa upana unaofunika atapata 18 kila upande, jumla 36. Karatasi ya kwanza itaonekana rahisi, na siku ya kazi utaambiwa zimepungua bati nne. Hapo paa liko wazi, mafundi wamekaa, na wewe unakimbia dukani kununua kwa bei yoyote, tena ukiomba rangi isitofautiane.

Urefu nao una mtego wake. Kutoka mgongoni hadi ukingoni, paa la mfano wetu lina mita 5.96. Fundi aliyepanga mabati mawili ya mita 3 amesahau kwamba la juu lazima lilalie la chini kwa sentimita 15 hadi 20. Atapungukiwa, na atapunguza ule ulalo ili yafike. Hapo ndipo maji yatakapoingia mvua ikija na upepo. Viwanda vingi vinakata bati kwa urefu unaoutaka, kwa hiyo agiza vipande vya mita 6 visivyo na kiungo katikati. Mabati 36 ya mita 6 ni mita 216, na hiyo ndiyo namba ya kupelekea kiwandani au kwa wakala. Tofauti ya shilingi 4,000 tu kwa mita kwenye mita hizo ni shilingi 864,000, kwa hiyo siku ya kuzunguka kuulizia bei haipotei bure.

Kama paa lako linateremka pande nne, jua kwamba kwa mwinuko ule ule eneo lake halizidi la mgongo mmoja. Kinachozidi ni vipande vinavyokatwa mshazari na kutupwa, pamoja na kofia, yaani bati za kufunika maungio, za kwenye pembe. Muulize fundi ameongeza asilimia ngapi ya upotevu na kwa sababu gani. Paa lenye kona nyingi na mabonde, yaani pale miteremko miwili inapokutana kwa ndani, lina haki ya kuongezewa. Paa la mgongo mmoja halina sababu kubwa.

Mbao

Kwanza jua kama kenchi zinabaki. Nenda darini mchana ukiwa na tochi na bisibisi. Choma mbao pale kenchi inapokalia ukuta, chini ya sehemu zinazovuja, na pembeni ya mabonde. Bisibisi ikizama bila nguvu, mbao hiyo imekwisha. Angalia pia vijia vya udongo vya mchwa ukutani, na unga mwembamba wa mbao iliyotobolewa na wadudu.

Kwenye karatasi, mbao ziandikwe kwa kipimo, urefu na idadi: 2x4 za futi 12 ngapi, 2x2 ngapi. Na iandikwe kama zimetiwa dawa. Mbao nyingi za msonobari zinatoka Nyanda za Juu Kusini, upande wa Mafinga na Njombe, na msonobari usio na dawa ni chakula cha mchwa. Dawa ya kiwandani husukumwa ndani kwa shinikizo. Kupaka oili chafu kwa brashi ukiwa saiti si kitu kimoja nayo. Mbao ikikatwa, tazama uso wa ndani: rangi ya kijani ikiwa imeishia milimita chache tu kutoka nje, dawa haikupenya.

Idadi ya papi, zile mbao zinazolazwa juu ya kenchi ili bati lipigiliwe hapo, ndiyo inayowachanganya wengi. Bati jembamba linataka papi zilizokaribiana, nene linavumilia nafasi. Kwenye mteremko wetu wa mita 6, papi zikipishana sentimita 90 unapata mistari 8 kila upande, jumla karibu mita 211, ambazo ni papi 58 za futi 12 kabla ya upotevu. Zikipishana mita 1.2, mistari ni 6, jumla karibu mita 158, papi 44. Basi ukiona mmoja ameandika 60 na mwenzake 45, usikimbilie kusema wa kwanza anakuibia. Uliza nafasi ya papi, kisha uliza mtengenezaji wa bati lile anataka nafasi gani. Papi chache chini ya bati la geji 32 ni paa litakalobonyea siku fundi wa dishi atakapopanda.

Vitu vidogo vinavyoachwa nje

Hapa makadirio rahisi huficha urahisi wake. Pitisha kalamu ukitafuta kimoja kimoja: kofia za mgongo, bati la mabonde, fisha bodi (ubao wa kuziba ukingo wa paa) na rangi yake, gata na mabomba ya kushushia maji, skrubu au misumari, vyuma vya kufungia kenchi kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta, usafiri wa mzigo, na kusafisha eneo.

Kofia huhesabiwa kwa ulalo pia. Za mita 2 zikilaliana sentimita 15, mgongo wa mita 13.2 unataka 8; saba zinafika mita 13.1 tu. Skrubu zenye mpira wa kuziba tundu zihesabu karibu 6 kwa mita ya mraba, kwa hiyo paa letu litakula zipatazo 950. Zimezidi misumari bei, lakini msumari hulegea kwa bati kutanuka mchana na kusinyaa usiku, nami ningelipa tofauti hiyo bila kusita.

Vile vyuma vya kufungia kenchi viulizie kwa jina. Upepo ukiingia chini ya paa unalisukuma juu, na paa linalokalia ukuta kwa uzito wake tu, au kwa misumari miwili, linang'oka zima na kenchi zake. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na mengine, na wengi hawaiandiki.

Kuezua, na yaliyofichika chini ya bati

Kuezua ni kazi, na iwe na mstari wake. Nani anashusha bati la zamani, nani analichukua? Bati chakavu lina wateja, na lile zima kidogo linafaa kwa banda au jiko la nje. Fundi anayekupa bei ya chini huku akinyamaza kuhusu bati la zamani huenda ameshalihesabu kuwa sehemu ya malipo yake. Si vibaya, mradi liandikwe.

Nyumba nyingi za zamani, hasa za mashirika na za serikali zilizouzwa kwa watu, zina paa la asbesto: vigae vipana vya kijivu vya saruji, vizito, vyenye mawimbi. Hapo simama. Vumbi lake likivutwa linaweza kuleta saratani ya mapafu na ya utando wa mapafu miaka mingi baadaye, kwako, kwa watoto na kwa mafundi. Halivunjwi kwa nyundo, halikatwi kwa msumeno, halitupwi jalalani. Lilowekwe maji, vigae vishushwe vizima, wafanyakazi wavae barakoa maalumu, na taka zake zipelekwe panaporuhusiwa. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, utaratibu kabla hujasaini chochote, na makadirio yoyote yanayoichukulia asbesto kama bati la kawaida yaweke pembeni.

Halafu kuna mbao zilizooza ambazo hakuna aliyeziona. Ukiezua, lazima zitaonekana chache. Usiruhusu bei yake ipangwe siku hiyo. Mkubaliane mapema bei ya kubadilisha kila 2x4 moja na kila papi moja, vifaa na ufundi, na kwamba hakuna mbao inayobadilishwa kabla hujaiona au kutumiwa picha. Wewe nawe weka akiba. Kwa paa lililovuja miaka, asilimia 10 ya gharama yote si nyingi.

Kama waya wa umeme wa TANESCO unaingilia kwenye paa au ukingo wake, wasiliana nao kabla ya kazi. Fundi mwenye bati la mita 6 mikononi hafai kuwa karibu na waya ulio hai.

Ufundi, kodi na cha juu

Ufundi wengine hupanga kwa jumla, wengine kwa bati, wengine kwa mita ya mraba. Yote yanakubalika, ila ili ulinganishe geuza yote kuwa kwa mita ya mraba: gawanya pesa ya ufundi kwa eneo ulilopima. Uliza ni watu wangapi, siku ngapi, na chakula na nauli yao viko upande wa nani. Hiyo "hela ya maji" ya kila siku, kama haikuandikwa, itageuka deni.

Kuhusu vifaa, una njia mbili: ununue mwenyewe, au fundi anunue. Akinunua yeye, ujue kuna maduka yanayomwandikia mteja bei iliyoongezwa ili fundi apate cha juu. Dawa yake ni kutafuta bei mwenyewe kwenye maduka mawili kwa orodha ile ile. Ikiwa ya fundi imezidi kidogo, na yeye ndiye anayefuata mzigo, anayekagua na kurudisha mabovu, huo ni ujira wa kazi halali. Mwambie auandike wazi kama gharama ya usimamizi. Ikizidi sana, nunua mwenyewe.

Kampuni ikiandika VAT, kiwango cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Uliza jumla uliyopewa ni kabla au baada ya kodi, na dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Asiyesajiliwa kwa VAT hana ruhusa ya kukutoza. Mkandarasi anayejitambulisha hivyo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB. Namba yake unaweza kuihakiki. Fundi wa mtaani hana usajili huo, na wengi ni hodari kabisa, ila yeye umkague kwa kazi: akupeleke kwenye paa alilopaua miaka mitatu iliyopita, uongee na mwenye nyumba peke yenu.

Ukibadilisha umbo la paa, ulizia kibali halmashauri kabla ya kuanza.

Weka karatasi sambamba

Chora jedwali: mistari ni vitu, safu ni mafundi. Jaza idadi kwanza, bei baadaye. Pale mmoja alipoacha tupu na wenzake wameandika, mpigie simu: "Fundi, sijaona gata kwenye karatasi yako, iko ndani au bado?" Majibu yajaze kwa kalamu ya rangi nyingine, kisha umwombe akutumie makadirio mapya yaliyosahihishwa. Ni baada ya hapo ndipo mstari wa chini unapoanza kusema ukweli, na mara nyingi aliyekuwa wa mwisho kwa urahisi anapanda.

Angalia tarehe pia. Bei ya bati hubadilika, kwa hiyo makadirio yaandike yanadumu mpaka lini. Na kazi yenyewe ipange Juni hadi Septemba ukiweza. Ukiezua Aprili katikati ya masika, dai mstari wa turubai na makubaliano kwamba kila siku kinaezuliwa kile tu kinachoweza kufunikwa kabla ya jioni.

Mkataba na malipo

Mkataba wa kurasa mbili unatosha, makadirio yakiwa yameambatishwa na kusainiwa na pande zote mbili mbele ya shahidi. Vifaa lipa moja kwa moja kiwandani au dukani kwa jina lako. Ufundi ugawe: kiasi kidogo cha kuanzia, sehemu ya pili kenchi na papi zikikamilika na wewe umekagua, sehemu ya tatu bati likimalizika, na asilimia 10 ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipige. Kama kazi imeisha Agosti, mvua hiyo inaweza kuwa Oktoba, kwa hiyo andikeni tarehe ya mwisho ili fundi asisubiri bila kikomo. Andikeni pia nani anawajibika mtu akianguka. Kampuni iliyosajiliwa inapaswa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na kwa fundi wa mtaani mkubaliane kamba na mikanda ya usalama italetwa na nani.

Kabla ya malipo ya tatu, ingia darini saa sita mchana, zima taa, ukae dakika kadhaa macho yazoee giza. Kila nukta ya mwanga ni tundu: skrubu iliyokosa papi ikang'olewa, au kofia isiyokaa sawa. Ziwekee alama za chaki, umwite fundi aone. Piga picha maandishi ya kiwanda yaliyochapwa upande wa chini wa bati, uyahifadhi pamoja na risiti na karatasi ya dhamana, kwa sababu kiwanda kitakuuliza hayo kwanza siku rangi itakapoanza kubanduka kabla ya muda wake.